Nguvu za Mawimbi: Bahari Yatoa Bure, Mtambo Wadai Fedha

Ninyi mkaao kando ya Ziwa Nyasa, au Ukerewe, au pwani kutoka Mtwara hata Lamu, hamna haja ya kuelezwa nguvu za wimbi. Mmeona mtumbwi mzito, ambao watu sita huusukuma kwa jasho, ukiinuliwa na wimbi moja kama kifuu cha nazi. Basi huenda umejiuliza: nguvu hii ipigayo usiku na mchana, isiyodai mshahara wala kuni wala mafuta, mbona haijafungwa kazi kama ng'ombe wa plau, ikatuwashia taa?

Swali hilo ni la zamani. Huko Paris mwaka 1799 Bwana Girard na mwanawe waliandikisha serikalini shauri lao la kutumia mawimbi kuendesha misumeno na pampu. Tokea siku zile mashauri ya namna hiyo yamepita elfu. Hata hivyo ukitafuta leo mji mkubwa uwashao taa zake kwa mawimbi, hutauona. Upepo umepata soko. Jua nalo limepata soko, hata vijijini kwetu paneli zake zimelala juu ya mapaa ya bati. Mawimbi bado yanabisha hodi. Kwa nini? Hiyo ndiyo habari tutakayoitazama, maana watu walioishughulikia hawakuwa wajinga wala wavivu.

Kwanza tujue wimbi ni kitu gani. Jua hupasha hewa moto, hewa ikatembea ikawa upepo, upepo ukasugua uso wa maji, na mawimbi yakainuka. Kwa hiyo wimbi ni nguvu ya jua iliyowekwa akiba majini. Na akiba yenyewe si haba. Magharibi ya Uskoti, ambako mawimbi hufika baada ya kuvuka bahari ya Atlantiki, kila mita moja ya upana wa wimbi huwa na nguvu ya kilowati 40 au zaidi, kwa wastani wa mwaka. Piga hatua moja ndefu: katika nafasi hiyo hupita nguvu ya kupasha pasi 40 za umeme kwa wakati mmoja.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo shina la habari yote. Wimbi likizidi kimo mara mbili, nguvu yake haizidi mara mbili bali mara nne. Likizidi mara tano, nguvu huzidi mara 25. Fundi ajengaye mtambo wa kufanya kazi katika mawimbi ya mita 2, ambayo ndiyo ya siku nyingi, hana budi kuujenga uweze kustahimili wimbi la mita 10 na zaidi siku ya dhoruba. Ni kama mtu anunuaye punda wa kubeba debe moja la maji kila siku, lakini punda huyo sharti aweze kubeba madebe 25 siku moja katika mwaka asivunjike mgongo. Je, punda huyo atauzwa kwa bei gani? Na debe moja la kila siku litarudisha bei hiyo lini?

Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafula, na nchi za Ulaya zikaingiwa na hofu. Siku zile Stephen Salter, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikuwa kitandani ana homa ya mafua. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mkewe alimwambia aache kulala akijihurumia, afadhali ainuke atafute dawa ya shida hiyo ya mafuta. (Akina mama wasomao habari hii hawatashangaa kusikia shauri lilianzia wapi.) Salter akabuni chombo kilichoitwa bata, kwa kuwa kiliinamisha kichwa na kukiinua juu ya maji kama bata. Katika birika la majaribio bata huyo alinyonya nguvu ya wimbi kufikia asilimia 90. Mwaka 1974 habari zake zikatoka katika gazeti la wataalamu, Nature.

Serikali ya Uingereza ikaanza kutoa fedha za uchunguzi mwaka 1976. Mwaka 1982 ikazikata karibu zote, baada ya wapiga hesabu wake kusema umeme wa mawimbi utakuwa ghali mno. Salter, aliyefariki mwaka 2024, alishikilia miaka mingi kwamba hesabu ile haikuwa ya haki. Haki au si haki, bata wa kimo kamili hakupata kuelea baharini hata siku moja.

Njia nyingine ni ya hewa, nayo waweza kuijaribu nyumbani. Chukua kopo la bati, ulitoboe tundu dogo kitakoni. Lielekeze mdomo chini ndani ya ndoo ya maji, ulisukume chini na kulipandisha. Utasikia pumzi ikitoka na kuingia tunduni, kama mivukuto ya mhunzi. Tia pangaboi dogo penye tundu, nalo litazunguka. Katika mtambo wa kweli pangaboi huungwa na jenereta, na taa ikawaka. Shida ni moja: pumzi hutoka, kisha hurudi, na pangaboi la kawaida lingezunguka mbele, kisha nyuma. Profesa Alan Wells wa Belfast alifumbua fumbo hilo katika miaka ya 1970, akatengeneza mapanga yazungukayo upande ule ule, pumzi ikitoka au ikiingia.

Mjapani Yoshio Masuda alikuwa ametangulia kuitumia hewa. Maboya yake yenye taa za kuongoza vyombo baharini yalianza kutumika kwa biashara huko Japani mwaka 1965. Tena biashara hiyo ilikwenda. Tazama sababu yake: boya liko peke yake majini, waya wa umeme haufiki, na kulipelekea betri kwa mashua kila mara ni gharama. Mahali pale mawimbi hayakuwa na mshindani.

Walakini watu walipotaka mitambo mikubwa, bahari ilijibu kwa ukali. Wanorwe walisimamisha mnara wa chuma wa kilowati 500 penye jabali karibu na Bergen mwaka 1985. Desemba 1988 dhoruba ikaung'oa. Agosti 1995 mtambo ulioitwa Osprey ulipelekwa majini karibu na Dounreay, kaskazini mwa Uskoti, na mawimbi yakauvunja kabla haujamaliza kukazwa mahali pake. Ule wa kisiwa cha Islay ulikuwa na heri zaidi. Ulijengwa kwa zege ukingoni mwa jabali mwaka 2000, ukapeleka umeme katika nyaya za nchi kwa zaidi ya miaka kumi.

Tumaini kubwa kuliko yote lilikuwa Pelamis. Jina hilo ni la nyoka wa baharini mwenye mgongo mweusi na tumbo la manjano, ambaye hupatikana hata katika Bahari ya Hindi. Mtambo wenyewe, uliotengenezwa na kampuni ya Edinburgh, ulikuwa na mitungi minne ya chuma iliyoungwa kwa viungo, urefu mita 120, unene mita 3 na nusu. Wimbi likipita chini yake, nyoka hupinda viungoni. Katika kila kiungo mna jeki za mafuta, kama zile za kuinulia lori. Kupinda kule huyasukuma mafuta kwa nguvu, nayo mafuta huzungusha jenereta. Mwaka 2004, huko visiwa vya Orkney, nyoka huyo akawa mtambo wa kwanza wa mawimbi ya bahari kuu kupeleka umeme katika nyaya za nchi. Watu walishangilia, na walikuwa na haki.

Septemba 2008 nyoka watatu walitiwa baharini mbele ya Aguçadoura, kaskazini mwa Ureno, kilometa 5 hivi kutoka pwani. Nguvu yao pamoja ilikuwa kilowati 2,250, na Waziri wa Uchumi alikuja mwenyewe kufungua. Miezi miwili tu baadaye, Novemba, wote watatu walikuwa wamevutwa kurudi bandarini. Beringi za viungo zilikuwa zimeharibika. Mafundi walipata njia ya kuzitengeneza, lakini mwaka ule ule mabenki ya dunia yalikuwa yakianguka, na kampuni ya Australia iliyokuwa na sehemu kubwa ya mali ile ikaanguka nayo. Nyoka wale hawakurudi majini tena. Kampuni ya Edinburgh ikatengeneza wengine wawili warefu zaidi, wa mita 180, ikawajaribu Orkney. Novemba 2014 fedha zikaisha, na wafanyakazi wengi wakabaki bila kazi. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ya mji ule ule, iliyojenga mtambo uitwao Oyster, yaani chaza, ikafunga pia.

Labda utasema: beringi tu! Kweli, beringi tu. Beringi ya mashine ya kusaga kijijini ikifa, fundi huja na baiskeli yake, akaifungua, na jioni unga unatoka. Baharini sivyo. Sharti kwanza ungoje siku za utulivu, na katika majira ya baridi ya Atlantiki waweza kungoja majuma mengi. Kisha ukodi meli ya kuvuta, ulipe mabaharia wake, umfungue nyoka kutoka nanga na waya zake, umlete bandarini, umtengeneze, umrudishe. Siku zote hizo hakuna uniti hata moja inayouzwa, na majira ya baridi ndiyo majira ya mawimbi makubwa, yaani ndiyo mavuno yenyewe. Mimi kazi yangu ni kutunza daftari za mapato na matumizi, kwa hiyo macho yangu hukimbilia upande wa matumizi kwanza. Naona hapo ndipo nyoka alipofia. Mtambo ulifanya kazi. Kilichoshindwa ni duka.

Tena mshindani hakulala. Viwanda vilipotengeneza paneli za jua kwa mamilioni, zote za namna moja, bei yake ilishuka mno. Pangaboi la upepo nalo limekwisha kupata umbo lake: mapanga matatu juu ya mnara, nchi zote. Lakini katika mawimbi kila fundi ana mnyama wake, huyu bata, huyu nyoka, huyu chaza, na hakuna aliyetengenezwa mara elfu hata bei yake ishuke.

Sasa twende Mutriku, mji mdogo wa wavuvi katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Bandari yao ilisumbuliwa na dhoruba, na serikali ilikusudia kujenga ukuta mkubwa wa kukinga mawimbi, umeme uwepo usiwepo. Ndipo ikaamuliwa kwamba sehemu ya ukuta iwe na vyumba vya hewa, kama lile kopo letu. Vyumba 16, kila kimoja na pangaboi lake la kilowati 18 na nusu. Jumla kilowati 296. Ulifunguliwa Julai 2011. Kufika mwaka 2020 ulikuwa umetoa uniti milioni 2.

Ukipiga hesabu utaona kwamba hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya umeme ambao ungetoka kama mapangaboi yote yangezunguka kwa nguvu zao zote mwaka mzima. Ni kidogo, sifichi. Lakini ukuta ungejengwa kwa vyovyote kwa ajili ya mashua za wavuvi, na umeme umepanda juu yake kama abiria. Na kitu kikiharibika, fundi huenda kwa miguu, mfuko wa vyombo begani, akafungua mlango. Kwa maoni yangu ndiyo sababu Mutriku imedumu, hali mitambo mingi iliyosifiwa kuliko yeye imekuwa chuma chakavu.

Utauliza, na pwani yetu je? Mawimbi yenye nguvu nyingi ni ya mbali na ikweta, kati ya nyuzi 40 na 60, kaskazini na kusini. Sisi tuko karibu na ikweta, na mahali pengi matumbawe huyavunja mawimbi kabla hayajafika ufukoni, jambo ambalo mvuvi hushukuru. Kwa nyumba ya kijijini jua lina faida zaidi, wala sioni kwamba jambo hilo litageuka upesi.

Lakini kazi haijaachwa. Mwaka 2023, mbele ya Aguçadoura ile ile waliyoondolewa nyoka, kampuni ya Uswidi iitwayo CorPower ilitia boya moja la kilowati 300. Shauri lake la kwanza lilitoka kwa daktari wa moyo, Stig Lundbäck, aliyechunguza jinsi moyo usukumavyo damu. Siku za mawimbi ya kadiri boya hupanda na kushuka kupita wimbi lenyewe. Dhoruba ikija hujilegeza, likaacha maji yapite. Novemba mwaka ule yalipita mawimbi ya mita 18 na nusu, na boya likabaki zima. Sasa linalongojewa ni bei ya uniti moja, wakati maboya yatakapokuwa mengi na mtu wa kawaida atakapoletewa hati ya kulipa.