Amana ya Mbunge wa Upinzani: Ibra kutoka Mbulu na Hanang

Husimuliwa katika sira kwamba siku ya Badr, Sahaba Hubab bin Mundhir alimwendea Mtume wetu (S.A.W.) akamwuliza kama mahali walipotua pamechaguliwa kwa wahyi au kwa rai. Alipojibiwa kuwa ni rai, alishauri wasogee hadi penye kisima kilicho karibu zaidi na adui. Shauri lake likakubaliwa. Hubab hakuwa adui wa kiongozi wake. Aliona jambo, akalisema kwa adabu, tena kabla wakati haujapita.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo kazi ya mbunge wa upinzani. Wengi humdhania kuwa ni mtu wa kelele, na yeye mwenyewe pengine hujidhania hivyo. Lakini yatupasa kumwuliza: ukiingia Bungeni, utaanza na lipi? Kwa watu wa Mbulu na Hanang historia yenyewe yajibu: aanze na ardhi, na aisome sheria kabla haijapitishwa.

Mbulu ina sifa yake katika habari hii. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilichosalia kilikuwa cha Mbulu. Herman Sarwatt, naye mwana TANU, alisimama kwa nafsi yake akamshinda mgombea aliyeteuliwa na chama. Watu walionyesha kwamba mtu aweza kulipenda taifa lake, na hata chama chake, huku akichagua njia nyingine.

Yaliyofuata katika ardhi ni machungu. Huko Hanang, malisho ya Wabarbaig yaligeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO, kwa msaada wa Canada. Wanakijiji wa Mulbadaw walishitaki, wakashinda Mahakama Kuu. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikalipa NAFCO ushindi.

Kisha mwaka 1992 Bunge likatunga Sheria Namba 22, iliyofuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, bila fidia, na kuwafungia watu mlango wa mahakama. Vyama vingi vilikuwa vimekwisha kuruhusiwa mwaka huo, lakini Bunge lililokaa lilikuwa bado la chama kimoja. Wakulima wawili wa Kambi ya Simba, wilaya ya Mbulu, baba na mwanawe, ndio waliokwenda mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na vifungu vikubwa vya sheria ile vikaanguka.

Tazama basi, msomaji mpenzi! Jambo ambalo lingaliweza kupingwa barazani lilibebwa na baba na mwanawe, kwa gharama na hofu ya miaka. Mwaka uliofuata, uchaguzi wa vyama vingi ulimpeleka Bungeni Dk. Wilbrod Slaa wa CHADEMA kwa jimbo la Karatu, nchi iliyokuwa sehemu ya Mbulu ya zamani. Mwaka 2010 Mbulu yenyewe ikamchagua Mustapha Akunaay wa chama hicho hicho.

Wala tusimtwike mbunge wa namna hii asiyoyaweza. Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia muswada wa kutoza kodi, au wa kutoa fedha katika Mfuko Mkuu, isipokuwa Rais amependekeza. Basi anayeahidi kwamba atajenga barabara kwa nguvu zake aahidi asichokuwa nacho. Alicho nacho ni swali kwa Waziri, hoja binafsi, marekebisho ya muswada, na uhuru wa kusema aliopewa na Ibara ya 100. Silaha hizo ni ndogo, ila mwenye subira hufika nazo mbali.

Nasi tulio nyumbani tuna wajibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaitambua hakimiliki ya kimila, na yabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi. Muislamu asistaajabu: Qurani Tukufu ilikwisha kumpa mwanamke fungu lake katika mirathi tangu karne nyingi. Lakini ni nyumba ngapi ambamo dada amenyimwa konde la babaye kwa hoja kwamba ameolewa? Atakayemtaka mbunge wake atetee haki Dodoma, aanze kuitenda mlangoni pake.

Kura ni ushahidi, na ubunge ni amana. Tumpime mwenye kuomba amana hiyo kwa swali moja: ni sheria gani atakayoisoma kwa ajili yetu, na atasema nini akibaki peke yake?

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wasemao kweli kwa adabu, na masikio ya kuisikia. Amin.