Sumu Tatu na Mwalimu Asiyetaja Namba

Kuna michezo ya kompyuta isiyo na picha hata moja. Skrini ni maandishi matupu: umesimama sokoni, mvua inanyesha, mlinzi anakutazama kwa jicho la shaka. Unaandika amri, dunia inakujibu kwa sentensi, na watu wengine waliounganishwa kwenye seva hiyohiyo, pengine mmoja yuko Chicago na mwingine Oslo, wanaisoma sentensi ileile papo hapo. Babu wa michezo hii ni MUD, ulioanzishwa na Roy Trubshaw mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha ukaendelezwa na Richard Bartle. Wajukuu wake wangali wanachezwa, na baadhi yao wana sharti moja gumu: ukishaingia, wewe si wewe tena. Wewe ni mganga, askari au mwizi wa mji fulani, na useme yale tu ambayo mganga au mwizi huyo angeyasema.

Sasa anakuja mgeni. Mhusika wake ni kijana aliyetoka kijijini jana, na anauliza: "Mbona upanga wangu haulidhuru lile jitu?" Jibu la kweli ni la hesabu: yeye yuko ngazi ya 4, jitu liko ngazi ya 12. Lakini mhusika wako hajui kama kuna kitu kinaitwa ngazi. Hajawahi kuiona namba hiyo maishani mwake. Utamjibuje?

Mwanasosholojia wa Marekani, Gary Alan Fine, alikutana na jambo hili kabla intaneti haijaenea. Katika kitabu chake Shared Fantasy cha mwaka 1983 aliwachunguza watu wanaocheza michezo ya kuigiza mezani, akaona kwamba kila aliyeketi pale anaishi maisha matatu kwa pamoja: ni mtu mwenye kazi na familia, ni mchezaji anayezijua kanuni, na ni mhusika anayeijua dunia yake tu. Wazo la msingi alilipata kwa Erving Goffman, na nguvu yake iko kwenye mipaka. Mchezaji anajua asichokijua mhusika, na bado wote wawili wanatumia mdomo mmoja. Mkongwe anayemfundisha mgeni kwa sauti ya mhusika anatakiwa kuyavusha maarifa mpaka huo bila kuuvunja.

Wapo wanaoyavusha kwa ujanja wa bei nafuu. "Miungu imenijalia daraja la kumi na mbili, nawe u wa nne tu." Hiyo ni namba iliyovishwa kanzu, na kila aliyesimama pale anaiona miguu yake ikichungulia.

Ajabu ni kwamba programu zenyewe zilishaanza kazi hii. Chukua CircleMUD, iliyotokana na DikuMUD ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Pigo la upanga huko ndani ni namba tu, lakini mchezaji haioni, anasoma kitenzi. Pointi 1 au 2 ni kutekenya. Kati ya 7 na 10 umepiga kwa nguvu. Zikipita 23, mpinzani amesagwasagwa. Ipo pia amri ya kumpima adui kabla ya kumvaa: programu inatoa ngazi yako kwenye ngazi yake, kisha inalitamka jibu. Tofauti ikiwa sifuri, mmelingana kabisa. Ikiwa moja, utahitaji bahati kidogo. Mbili, bahati nyingi. Na ikizidi kumi unaambiwa waziwazi kwamba umerukwa na akili. Kwa hiyo mkongwe hana haja ya kutunga chochote. Anamwambia kijana: "Mtazame vizuri kabla hujauchomoa upanga. Moyo ukikwambia ni wazimu, usikilize." Hakuna namba, na kijana anajua la kufanya.

Mabaharia walifanya vivyo hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipanga nguvu za upepo kuanzia 0 hadi 12 bila kifaa cha kupimia mwendo wake. Alitumia matanga: kwa upepo huu, manowari inaweza kutweka matanga mangapi? Daraja la 12 lilikuwa upepo ambao hakuna tanga linaloweza kuuhimili. Mwanasaikolojia S. S. Stevens wa Harvard alikuja kuvieleza vipimo vya aina hii mwaka 1946: vinahifadhi mpangilio, kwamba hiki kimekizidi kile, ila havisemi kimekizidi kwa kiasi gani. Mwalimu wa kwenye mchezo yuko katika hali hiyohiyo. Anaruhusiwa kupoteza kiasi, ila mpangilio asiupoteze.

GemStone IV ya kampuni ya Simutronics inafika mbali zaidi. Uzoefu unaoupata porini hauingii moja kwa moja. Unajaa kwanza kwenye akiba, halafu unanyonywa kidogo kidogo, na unanyonywa haraka zaidi ukiwa mjini. Mchezaji akiuliza hali yake haambiwi asilimia, anaambiwa akili yake ikoje: iko angavu, imevurugika, imekufa ganzi, au imeshiba na haipokei tena. Basi mkongwe anasema tu, "Umechoka kichwa, rudi mjini ukapumzike," na ameshaifundisha kanuni yote. Nadhani inaeleweka kirahisi kwa sababu ina ukweli ndani yake: Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba marudio yaliyopishanishwa kwa siku kadhaa huzaa kumbukumbu bora kuliko yaliyorundikwa pamoja.

Lakini kanuni nzuri kuliko zote za kufundisha kwa sauti ya mhusika, kwa maoni yangu, iko Achaea, mchezo uliofunguliwa mwaka 1997. Vita vya huko si vya kupunguza damu tu. Ni vya kumtia mtu maradhi mengi kuliko anayoweza kuyatibu. Kwa Kiswahili somo la mganga mzee lingesikika hivi:

"Sikiliza, mwanangu. Dawa ina milango mitatu mwilini: mdomo, ngozi na pumzi. Adui mwenye akili haharakishi kukuua, anafunga milango. Anakutia kinyaa, huwezi kumeza. Anakutia utelezi, marhamu haishiki. Anakubana kifua, kiko hakivutiki."

"Si nitibu kimoja kwanza, mzee?"

"Kipi? Kinyaa dawa yake ni marhamu, nayo haishiki. Utelezi dawa yake ni jani la kutafuna au moshi wa valeriani. Kutafuna huwezi, kuvuta huwezi. Kifua dawa yake ni mwani, na mwani huliwa."

"Basi nimekwisha."

"Bado. Itulize akili yako, na kinyaa kinaweza kuondoka. Ndiyo maana anayekujua vizuri atakutia papara kabla hujatulia."

Hapo hakuna neno moja ambalo mganga asingelisema, na hakuna kilichoachwa. Kila ugonjwa unalinda ugonjwa mwingine. Wanasayansi wa kompyuta wanakifahamu kitu hiki: Edward Coffman na wenzake, mwaka 1971, walieleza masharti manne ya programu kukwama, na mojawapo ni kusubiriana kwa mduara, kila moja ikishikilia kile ambacho nyingine inakingoja. Hata kikomo cha muda, kwamba baada ya kula jani moja lazima ipite sekunde moja na ushee kabla ya kula jingine, kina maelezo yake: tumbo halipokei majani mawili kwa mkupuo.

Kanuni ya namna hii inaelezeka kwa sababu chanzo chake kimo ndani ya dunia ya mhusika. Zipo ambazo chanzo chake kiko kwenye mashine au kwenye mahitaji ya waundaji, na hapo mganga anabaki mdomo wazi. Katika MUD ya Essex ulipata pointi kwa kutupa hazina kwenye kinamasi, na zikitosha ukawa mchawi. Mtu mwenye akili timamu anatupaje dhahabu kwenye matope? Katika DikuMUD saa moja ya dunia ile ni sekunde 75 za kwetu, na majeraha hupona kwa kufuata mapigo hayo. Kifo nacho kingekuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote, maana wahusika hufa na kurudi. GemStone ilikitatua kwa kumweka Lorminstra, mungu wa kike wa mauti, ambaye wahusika humpelekea vito hekaluni ili awarudishe. Hapo waundaji walijenga sababu kwanza, walimu wakapata la kusema.

Lisilo na dawa ni amri zenyewe. Mganga anaweza kueleza kwa nini kijana apake marhamu, lakini hawezi kumwambia aandike neno gani, na kwa mpangilio upi, ili programu imwelewe. Hapo wengi huandika ndani ya mabano mawili, ishara kwamba anayesema sasa ni mchezaji, kisha wanarudi kwenye hadithi. Sioni aibu yoyote katika hilo. Mgeni aliyeachwa akibahatisha tahajia ya amri huku sumu inamla hatarudi kesho.

Siku hizi Achaea imewapunguzia walimu mzigo huo na kuwaletea mwingine. Seva inaweza kumtibu mhusika yenyewe, ikifuata orodha ya vipaumbele ambayo mchezaji ameipanga: kifua kabla ya utelezi, utelezi kabla ya kizunguzungu. Ukimsikia mganga akimwambia mwanafunzi wake afanye mazoezi mpaka mkono uufikie mwani wenyewe bila kuuliza kichwa, jua anamfundisha kupanga orodha.