Sahihi 757

Mwanzoni mwa Januari 1996, wapambe wa mgombea mmoja wa Chicago waliingia katika ofisi za tume ya uchaguzi ya jiji hilo wakaanza kukagua karatasi za wagombea wenzake, mstari kwa mstari. Huyu aliyetia sahihi anaishi kweli ndani ya eneo la uchaguzi? Yumo kwenye daftari la wapigakura? Mbona jina limeandikwa kwa herufi za kuchapa badala ya kutiwa sahihi? Walipomaliza na pingamizi zao zikasikilizwa, wapinzani wote wanne walikuwa nje. Mgombea wao, wakili wa miaka 34 ambaye baba yake alizaliwa nchini Kenya, alibaki peke yake kwenye karatasi ya kura ya mchujo ya chama cha Democratic.

Barack Obama alikuwa amepita mchujo bila kupingwa.

Kiti alichokuwa akikitafuta hakikuwa cha Washington. Kilikuwa cha Seneti ya jimbo la Illinois, eneo la 13, kusini mwa Chicago kando ya Ziwa Michigan. Ndani ya eneo hilo kulikuwa na Hyde Park yenye chuo kikuu na maprofesa wake, na pia mitaa ya Weusi iliyochoka kwa ukosefu wa kazi. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na yote 50 yana mabaraza mawili isipokuwa Nebraska, ambalo limeridhika na moja. Kwa jumla nchi nzima ina viti zaidi ya 7,000 vya namna hii.

Msomaji wa Kenya anaweza kufikiria bunge la kaunti, lakini mamlaka ya bunge la jimbo ni makubwa kuliko hapo. Bunge la jimbo hutunga sheria za jinai, hupanga kodi na fedha za shule, huamua kama adhabu ya kifo iwepo au isiwepo (Illinois iliifuta mwaka 2011), na katika majimbo mengi ndilo linalochora mipaka ya majimbo ya uchaguzi ya Bunge la taifa. Lakini malipo ni kitendawili. Huko New Hampshire, baraza la wawakilishi lina wajumbe 400 na kila mmoja hulipwa dola 100 kwa mwaka, kiasi ambacho diwani wa kwetu angekiona kama matusi.

Tukirudi Chicago, kiti cha eneo la 13 kilikuwa na mwenyewe. Alice Palmer, mwalimu na mwanaharakati aliyeheshimika, alikuwa seneta wake. Mwaka 1995 mbunge wa Washington kutoka upande huo wa jiji, Mel Reynolds, alipatikana na hatia ya makosa ya kingono akajiuzulu. Palmer tayari alikuwa ameamua kukiwania kiti hicho kikubwa zaidi na kukiacha cha jimbo. Septemba mwaka huo, katika hoteli moja ya Hyde Park, alimtambulisha Obama kwa wafuasi wake kama mtu anayefaa kumrithi.

Mambo yakaharibika Novemba 28. Katika mchujo wa uchaguzi mdogo, Jesse Jackson Jr., mtoto wa mchungaji maarufu, alishinda na Palmer akashika nafasi ya tatu. Wafuasi wake wakamshawishi arudi kutetea kiti chake cha zamani, na wazee kadhaa wa siasa za mtaa wakamwomba kijana ampishe mama. Obama akakataa. Alikuwa tayari ameshafungua kampeni, ameomba michango, amezunguka nyumba kwa nyumba, na kwa maelezo yake alikuwa amepewa ahadi kwamba Palmer hatageuka.

Hapo ndipo sahihi zilipoingia. Ili jina la mgombea liwekwe kwenye karatasi ya kura, sheria ilidai sahihi 757 za wapigakura waliosajiliwa na wanaoishi ndani ya eneo. Kwa eneo lenye karibu watu 200,000, hesabu hiyo inaonekana ndogo. Ugumu uko kwenye ubora wake. Aliyehama mtaa hahesabiwi. Aliyeondolewa kwenye daftari hahesabiwi. Mpigakura mwema aliyeandika jina lake kwa herufi za kuchapa, tofauti na sahihi iliyo kwenye kumbukumbu za tume, naye anapotea. Ndiyo maana wanasiasa wazoefu wa Chicago hukusanya mara mbili au tatu ya kinachotakiwa, na Obama alifanya hivyo. Palmer, aliyeanza dakika za lala salama, aliwasilisha karibu 1,600 zilizookotwa harakaharaka, na ukaguzi ukaonyesha hazitoshi. Akajiondoa. Mgombea mwingine alileta 1,899. Baada ya kuchujwa, akapungukiwa na 69.

Msomaji wa Tanzania ana neno la haya yote: kuenguliwa. Analikumbuka tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, vyama vikubwa vya upinzani viliposusia baada ya wagombea wao wengi kukatwa kwa madai ya kukosea fomu. Tofauti ipo, na si ndogo. Chicago pingamizi ziliwekwa na mgombea dhidi ya wanachama wenzake, na kila upande ulikuwa na haki ya kukagua sahihi moja moja. Lakini kwa mkazi wa mtaa matokeo yalifanana: siku ya mchujo alikuta jina moja. Obama mwenyewe, alipohojiwa na gazeti la Chicago Tribune mwaka 2007, alitetea uamuzi wake kwa hoja kwamba walifuata tu sheria zilizowekwa. Zilifuatwa, ndiyo. Ila mtu aliyewahi kuongoza kampeni ya kuandikisha wapigakura wapya, kama alivyofanya yeye mjini humo mwaka 1992, alijua vizuri zaidi ya wengi kwamba daftari huwaacha nje kwanza maskini wanaohamahama.

Uchaguzi wenyewe wa Novemba 1996 haukuwa na jasho. Katika eneo ambalo Democratic hushinda hata wakilala, Obama alipata zaidi ya asilimia 80. Hali hii si ya Chicago pekee. Katika chaguzi nyingi za mabunge ya majimbo, karibu theluthi moja ya viti au zaidi huwa na mgombea wa chama kimoja kikubwa tu, kwa hiyo vita halisi, kama vipo, hupiganwa kwenye mchujo au kwenye meza ya pingamizi.

Palipo na ushindani wa kweli, kura moja inaweza kubeba bunge zima. Virginia mwaka 2017, katika eneo moja la Newport News, Shelly Simonds wa Democratic na David Yancey wa Republican walimaliza na kura 11,608 kila mmoja. Januari 2018 majina yao yakatiwa kwenye vikebe vya filamu ya kamera, vikawekwa ndani ya bakuli, na la Yancey likatoka. Kwa bakuli hilo Republican wakabaki na wingi wa 51 kwa 49. Simonds alirudi mwaka 2019 akamshinda kwa kura za watu.

Obama naye aliapishwa Januari 1997 akaanza safari za Springfield, makao makuu ya jimbo, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani. Chama chake kilikuwa na wachache katika Seneti, na kwa miaka sita miswada yake mingi iliishia kwenye makabati ya kamati. Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa mbunge wa Washington Bobby Rush akaangushwa vibaya, takriban kura mbili kwa moja. Upepo ulibadilika mwaka 2003 Democratic waliposhika Seneti ya jimbo. Mwaka huohuo alipitisha sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi na washukiwa wa mauaji, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kulifanya hilo kwa kutunga sheria.

Alice Palmer alirudi kwenye kazi ya chuo kikuu. Mwaka 2008, mrithi wake alipowania tiketi ya urais, alimpigia kampeni Hillary Clinton.