TAMTHILIA MPYA: USINGOJE MPAKA IWE MTIHANI

MUULIZE mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne tamthilia ni nini, naye atakujibu mara moja kwamba ni kitabu cha kutahiniwa. Atakutajia wahusika, maudhui na mbinu za lugha kama mwenye duka anayehesabu bidhaa zake. Lakini mwulize aliwahi kuitazama wapi ikichezwa, atakukodolea macho. Si kosa lake. Wazazi wake nao walisoma hivyo hivyo, wakafanya mtihani, wakakifunika kitabu na hawakukifunua tena.

Msomaji, leo twende mbali kidogo na jiji, hadi Busia na Malaba, ambako Kenya inakomea na Uganda inaanzia. Huenda ukajiuliza, kuna nini cha michezo ya jukwaani mahali panapofahamika kwa foleni za matrela, wabadilishaji pesa na magunia ya mahindi? Kipo, tena si haba. Kisa cha eneo hili kinatufunza jambo ambalo sisi wa mijini tumelisahau: tamthilia mpya ni ya kutazamwa na kujadiliwa ingali mbichi, kabla mtahini hajatuambia ina maana gani, na kabla mtu mwingine hajaamua kwamba haifai tuione.

Watu wa ndimi nyingi

Busia ni jina moja lenye nchi mbili. Upande wa Kenya ni Busia, na upande wa Uganda vile vile ni Busia. Malaba nayo ni hivyo hivyo. Sokoni utasikia Kisamia, Kimarachi, Kibukhayo, Kiteso, Kijaluo na Kiganda, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Hata neno bodaboda, ambalo siku hizi limeenea Afrika Mashariki nzima, husemekana lilizaliwa mpakani hapa, waendesha baiskeli walipokuwa wakiwaita abiria wa kuvushwa kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine.

Mtu aliyelelewa mahali kama hapa hujifunza mapema kusikiliza kwa makini. Anajua kwamba maneno anayoambiwa afisa wa forodha si yale anayoambiwa mteja, na anayoambiwa mteja si yale yanayozungumzwa jikoni nyumbani. Sikio la namna hiyo ndilo hasa linalohitajika mbele ya jukwaa, kwa sababu mtunzi wa tamthilia mara nyingi husema jambo moja huku akimaanisha lingine.

Si ajabu basi kwamba Busia ina mtunzi wake. Wengi wanamjua Okiya Omtatah kama mtu wa kesi za kutetea umma, na kama seneta aliyechaguliwa na watu wa Busia mwaka 2022. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hayo alikuwa mtunzi wa tamthilia. Kwa jina la Okoiti Omtatah alichapisha mwaka 1991 tamthilia iitwayo Lwanda Magere, kuhusu yule shujaa wa Waluo ambaye nguvu zake, kama masimulizi yanavyosema, zilikuwa kivulini mwake. Tazama jambo hilo: mzaliwa wa Busia anaandika juu ya shujaa wa jirani zake bila kujiuliza kama ana ruhusa. Huo ndio mpaka unavyomfunza mtu.

Miaka mingi baadaye mtunzi huyu alirudi kwenye jukwaa kwa mlango mwingine. Mwaka 2013 wasichana wa shule ya upili ya Butere, katika kaunti jirani ya Kakamega, walizuiwa kuingia katika tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza na tamthilia yao Shackles of Doom, iliyoandikwa na Cleophas Malala. Ilidaiwa kuwa ingechochea chuki za kikabila. Omtatah alikwenda Mahakama Kuu, marufuku yakaondolewa, na wasichana wakaigiza. Mtunzi mmoja alimtetea mwingine, ili hadhira iamue yenyewe.

Yale yaliyotokea mwaka 1977

Msomaji, usidhani haya ni mabishano ya watu wa shule tu. Mapema mwaka 1977 palikuwa na tamasha kubwa la sanaa za Waafrika huko Lagos, Nigeria, lililoitwa FESTAC. Kenya ilipeleka, pamoja na michezo mingine, Betrayal in the City ya Francis Imbuga, mzaliwa wa Maragoli katika Magharibi hii hii ya Kenya. Uganda nayo ilipeleka mchezo wa Byron Kawadwa, aliyekuwa mkuu wa jumba la michezo la taifa mjini Kampala. Imbuga alirudi akaendelea kufundisha na kuandika hadi alipofariki mwaka 2012. Kawadwa alirudi nyumbani, na muda mfupi baadaye akakamatwa na kuuawa na watu wa serikali ya Idi Amin.

Wote wawili walikwenda tamasha moja na kupanda jukwaa moja. Kilichowatenga ni mpaka huu tunaouzungumzia. Lakini Mkenya asijipigie kifua haraka, kwani mwaka huo huo mchezo wa Kikikuyu Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulipigwa marufuku huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Miaka hiyo Waganda wengi walivuka kwa njia za Busia na Malaba kukimbilia Kenya. Miongoni mwa Waganda walioishi na kufundisha Nairobi wakati huo alikuwa mtunzi John Ruganda. Tamthilia yake Shreds of Tenderness, ambayo wanafunzi wa Kenya waliwahi kuisoma shuleni, inahusu ndugu wa nyumba moja: Wak aliyekimbilia ng'ambo na kurudi, na Odie aliyebaki nchini wakati wa udikteta. Nani aliteseka zaidi? Nani ana haki ya kumlaumu mwenzake? Katika miji ya mpakani, ambako ukoo mmoja una watu pande zote mbili, swali hilo si la mtihani. Ni swali la nyumbani.

Na kama unadhani mambo hayo yalizikwa na karne iliyopita, kumbuka Aprili 2025. Wasichana wa Butere walikuwa tena na mchezo wa Malala, Echoes of War, kuhusu vijana wa nchi ya kubuni na mvutano wao na waliowatangulia. Walizuiwa, Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe, wakafika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa. Mtunzi mwenyewe alikamatwa kabla ya siku ya onyesho. Asubuhi yake wasichana waliingia, wakaona hawana vyombo vyao wala hadhira, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka, huku polisi wakirusha vitoa machozi nje. Nchi nzima ikauzungumzia mchezo ambao karibu hakuna aliyeuona! Wengine waliusifu, wengine wakaulaani, na wote wawili walikuwa wakibishana juu ya uvumi.

Hapo ndipo penye hasara kubwa. Mchezo usiotazamwa hauwezi kusifiwa kwa haki wala kukosolewa kwa haki.

Utazame vipi mchezo mpya?

Kufurahia tamthilia mpya hakuhitaji shahada. Kunahitaji mazoea. Hapa kuna mambo machache ya kukusaidia wewe na watoto wako.

Kwanza, acha mwongozo nyumbani. Mchezo unapoanza usitafute maudhui. Jiulize maswali mawili tu: huyu anataka nini, na nani anamzuia? Chukua mfano wa Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa katika shule za upili nchini miaka michache iliyopita. Mwanafunzi wa jijini huandika "uongozi mbaya" na kufungua ukurasa mwingine. Lakini kiini chake ni cha kawaida kabisa: mtawala Majoka amelifunga soko la Chapakazi, na watu waliokuwa wakila kwa soko hilo hawana pa kwenda. Mchuuzi wa Malaba, aliyeona biashara zikikwama mpaka ulipobanwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, haelezwi maana ya soko kufungwa. Anaijua tumboni.

Pili, sikiliza kilichofichwa. Watunzi wetu wamezoea kuvisha nchi zao majina ya kubuni. Imbuga aliiita nchi yake Kafira. Chukua kalamu, uzipange upya herufi za neno hilo, utapata Afrika. Unapokutana na mji au mfalme usiyemjua katika mchezo mpya, usiharakishe kusema "huyu ni fulani". Mtunzi stadi hamwandiki mtu mmoja, anaandika tabia. Ndiyo maana tamthilia iliyoandikwa miaka 40 iliyopita bado inamkosesha mtu usingizi leo.

Tatu, tazama mwili na vitu. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Sara ni mgonjwa na mumewe Yona anashika kazi za jikoni. Kitabuni, jambo hilo ni maelezo mafupi ambayo msomaji wa haraka huyaruka. Jukwaani, mwanamume mzima akihangaika na sufuria mbele ya watu, hadhira kwanza itacheka. Kisha, mwigizaji akiwa hodari, kicheko kitakatika, na kila mume ukumbini ataanza kujihoji. Kicheko hicho na kimya hicho havimo kitabuni. Vinaletwa na watu walioketi pamoja.

Nne, pima kwa haki. Kuthamini si kusifu ovyo. Michezo mipya mingine ni dhaifu, na tuseme hivyo. Dalili ni rahisi: mhusika mwema anahubiri tangu mwanzo hadi mwisho, na mwovu hana hoja hata moja. Mfananishe na Odie wa Ruganda. Ametenda maovu, lakini anapozungumzia maisha ya waliobaki nchini, unajikuta ukimsikiliza hata kama hutaki. Mtunzi aliyempa adui yake maneno mazuri amekuheshimu wewe mtazamaji.

Tano, zungumzeni njiani mkirudi. Usimwulize mtoto "umejifunza nini?" kana kwamba uko darasani. Mwulize, "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Hapo utasikia mambo ambayo hajawahi kukwambia.

Ukumbi uko karibu kuliko unavyodhani

Utasema, "Mimi sina pesa za kwenda majumba ya michezo." Wakazi wa mpakani nao jumba la taifa la Nairobi liko mbali nao sana. Jukwaa la karibu kwa wengi wao ni ukumbi wa shule. Muhula wa kwanza wa kila mwaka, shule kama Kolanya na Chakol upande wa Teso, au Butula upande wa pili wa kaunti, hufanya mazoezi kama wenzao kote nchini. Mashindano huanzia mashinani, yakapanda hadi kaunti, eneo la Magharibi, na hatimaye taifa. Tamasha hili lilianza mwaka 1959, na limewalea waigizaji na watunzi wengi ambao leo tunawaona kwenye televisheni. Siku hizi kuna pia Chuo Kikuu cha Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia, kilichopewa hati yake mwaka 2022, na palipo na wanafunzi wa chuo hapakosi vijana wanaotaka kuigiza.

Hata wewe wa Nairobi, Kisumu au Eldoret, shule ya mtaa wako ina kikundi. Mchezo wao huenda umeandikwa na mwalimu kijana ambaye jina lake hujawahi kulisikia. Imbuga naye wakati mmoja hakujulikana. Uliza siku ya onyesho. Peleka familia. Lipa kiingilio bila kunung'unika kikiwapo, maana fedha hizo ndizo nauli na maleba ya kesho. Zima simu, kaa hadi mwisho, na mkimaliza kupiga makofi, mtafute mtunzi umwambie palipokugusa na palipokuchosha. Yote mawili yatamfaa.

Wahenga walinena kwamba kuona ni kuamini. Kawadwa alilipa kwa maisha yake ili watu waone. Wasichana wa Butere walisafiri hadi Nakuru wakakuta viti vitupu. Wewe, msomaji, viti viko wazi mbele yako na hakuna anayekuzuia mlangoni. Wiki hii, kabla ya kumnunulia mtoto mwongozo mwingine wa tamthilia, mwulize shuleni kwao wanacheza nini, na lini.