Mtoto Mnene, Je, Ana Afya?

Katika mitaa yetu, mtoto mwenye mashavu yaliyojaa husifiwa kwamba “ana afya”, na mama yake hupongezwa kwa malezi mema. Sifa hiyo inaeleweka mahali ambapo wazazi wengi wamewahi kuhofia kukonda kwa watoto wao. Hata hivyo, unene uliokithiri nao ni utapiamlo.

Jicho pekee halitoshi kuutambua. Mtoto mrefu na mtoto mnene waweza kuwa na kilo sawa. Kwa walio chini ya miaka 5, uzito hulinganishwa na urefu kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006. Kwa wenye miaka 5 hadi 19, uwiano wa uzito na urefu hupimwa kwa kuzingatia umri na jinsia. Mhudumu asiishie kwenye mizani. Autumie pia ubao wa kupimia urefu.

Aghalabu chanzo ni chakula chenye nishati kuliko inayotumika mwilini. Soda ya mililita 330 huweza kubeba gramu 35 za sukari, takriban vijiko 9 vya chai. Chipsi na biskuti huongeza mzigo huo, nazo runinga na simu hupunguza michezo na usingizi. Mtoto asilaumiwe: hula anachopewa, na hucheza penye nafasi salama.

Madhara yake ni pamoja na kisukari cha aina ya 2, shinikizo la juu la damu na mafuta kwenye ini. Mtoto mnene anayekoroma kila usiku, au ambaye ngozi ya shingo yake imekuwa nyeusi na nene, apelekwe kituoni. Aliye mnene na mfupi kuliko wenzake achunguzwe homoni.

Kinga huanza na maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Baadaye, maji yachukue nafasi ya soda, na tunda zima nafasi ya juisi. Wenye miaka 5 hadi 17 wacheze angalau dakika 60 kila siku.

Aliyekwisha kunenepa asishindishwe njaa. Kwa kuwa bado anakua, mara nyingi yatosha uzito usimame huku kimo kikiongezeka. Familia nzima ibadili mlo pamoja naye, wala asiitwe “bonge” nyumbani au kliniki, kwani mtoto aliyeaibishwa hujificha, na anayejificha hatibiki.