Mimi, Kuni na Mtihani wa Kijapani

Asimamaye kituoni Mtwara akingojea gari la Mikindani hana budi kuviona, hata bila ya kukusudia, vibandiko vya Kijapani vilivyosalia viooni mwa magari yaliyotumika huko kabla ya kuvuka bahari kuja kwetu. Nasi, japokuwa twayapanda kila siku, maandishi yale hatuyatambui zaidi ya nyayo za kaa mchangani. Wenzetu wametutazama kwa makini zaidi, kwani vinyago vya Wamakonde vina jumba lake la makumbusho katika mji wa Ise, huko huko Japani.

Walakini kijana wa pwani atakaye kujifunza lugha hiyo ana akiba asiyoijua. Kijapani, sawasawa na Kiswahili, kina irabu 5, na silabi zake aghalabu huishia kwa irabu. Ndiyo sababu neno geni likiwafikia Wajapani hulivika vazi kama tulivikavyo sisi: basi letu kwao ni basu, hoteli ni hoteru, na Mtwara yenyewe wakiiandika huwa Mutowara.

Mtihani wa kupima ujuzi wa Kijapani, uitwao JLPT, ulianza mwaka 1984, na tangu 2010 una madaraja 5, la chini kabisa likiwa N5. Kwa jirani zetu wa Kenya hufanyika Nairobi mwezi wa Desemba. Hauna insha wala mahojiano, bali mtahiniwa huchagua jibu lililo sahihi. Katika N5 alama zote ni 180, na apataye 80 hufaulu, kwa sharti asipungukiwe na 38 katika msamiati, sarufi na kusoma, wala 19 katika kusikiliza.

Mwanzo wa matayarisho ni hati: hiragana yenye herufi 46 za msingi, kisha katakana, yenye idadi ile ile, iandikiwayo maneno ya kigeni, ndipo zifuate kanji zipatazo 100, zenye asili ya Uchina. Baada ya hapo ni kuizoeza akili kukingoja kitenzi mwisho wa sentensi, kwani Mjapani husema, “Watashi wa sakana o tabemasu,” yaani, mimi samaki nala.

Maneno yanayofanana na yetu nayo yana hila zake: kuni ni nchi, mimi ni sikio, na pweza ana jina ambalo haya yanizuia kulitaja barazani. Lakini mtego mkubwa ni urefu wa sauti, kwa kuwa obasan ni shangazi, na obaasan, kwa kuivuta irabu kidogo tu, ni bibi. Na katika sehemu ya kusikiliza kila mazungumzo husikizwa mara moja tu, hayarudiwi.

Kwa hiyo ajitayarishaye asiridhike na daftari pekee, bali kila siku asikilize, arudie kwa sauti, na asikilize tena. Na kila ajitajapo kwa Kiswahili, akumbuke kuwa kwa Wajapani neno hilo ni sikio.