Benzi Kuukuu na Sanduku Letu la Akiba

Ndugu wafanyakazi, mali bila daftari huisha bila habari. Tunaanza na methali hiyo kwa kuwa jambo tunalotaka kuwasimulia lilikaribia sana kumaliza mali ya wenzetu kumi na watano wa Itaba, mkoa wa Gitega. Ni watu wa jasho kama sisi na ninyi: wafanyakazi wa kituo cha kuoshea kahawa, akina mama wanaochambua punje, mlinzi wa ghala na madereva wawili.

Wenzetu hao waliweka akiba kwa muda wa miezi kumi na minane. Kila siku ya mshahara mtu alitia fungu lake katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake zikakaa kwa watu watatu mbalimbali. Shabaha yao ilikuwa kununua gari moja la kubeba abiria kwenda Gitega, na siku za harusi kulikodisha kwa maarusi. Shabaha njema, nasi tuliiunga mkono tangu mwanzo.

Basi Jumapili moja kijana dereva akaleta habari. Gitega kuna Mercedes inauzwa, E 500 ya mwaka 2004, nyeusi, viti vya ngozi, na mwenyewe yu karibu kuhama. Bei yake sawasawa na bei ya Corolla ya miaka hiyo hiyo. Mkutano ulipiga makofi. Mzee mlinzi peke yake ndiye aliyeuliza, "Kwa nini tembo anauzwa bei ya mbuzi?" Hakujibiwa.

Mama mmoja akasimama akasema, "Binti zetu nao wapelekwe harusini ndani ya Benzi. Au Benzi iliumbwa kwa ajili ya mabwana tu?" Tulicheka, lakini neno lile lilituchoma. Wasomaji wa makamo wanakumbuka jinsi Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1960, ilivyowapa jina la Wabenzi wale waliopanda juu mara baada ya uhuru na kuwasahau waliowapandisha. Gari likawa kabila. Kwa hiyo mfanyakazi anapotamani Benzi, hatamani chuma tu. Anatamani kuonekana mtu. Hatuna haki ya kumcheka.

Lakini jibu la swali la mzee lilikuwa bado linadaiwa, nasi tukaombwa kusaidia kulitafuta. Tulishauri jambo moja: kabla ya faranga hata moja kutoka, aitwe fundi asiyemjua muuzaji wala dalali. Akaitwa fundi mmoja wa Muyinga, aliyezeeka akitengeneza magari yanayoingia kwa mpaka wa Kobero kutoka Dar es Salaam. Nauli yake na ujira wa siku mbili vililipwa na sanduku. Wapo walionung'unika kwamba hizo ni fedha za kutupa. Tunawaambia wazi: ni fedha zilizotumika vizuri kuliko zote.

Fundi alianza kwa kutueleza kwa nini tembo huuzwa bei ya mbuzi. Gari la fahari likizeeka, bei yake hushuka mwaka hadi mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki. Benzi ya miaka ishirini inaweza kununuliwa kwa bei ya Corolla, ila pampu yake, giaboksi yake na taa yake ni za Benzi vilevile. Tajiri wa kwanza alinunua starehe. Mnunuzi wa mwisho hununua matengenezo.

Kisha akaeleza injini. E 500 hiyo ina silinda nane na ujazo wa lita 5, na kiwanda kiliipa nguvu za farasi 306. Lakini Gitega iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Basi katika vilima vyetu farasi wale hubaki kama 260 tu, nao wote wanataka kula. Tufanye hesabu. Gari likienda kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa juma, na likinywa lita 15 kwa kila kilomita 100 katika milima na mchanga, litamaliza lita 90. Corolla yenye kunywa lita 7 itamaliza lita 42. Tofauti ni lita 48 kila juma. Nani asiyekumbuka foleni za petroli zilizotutesa Burundi kati ya mwaka 2022 na 2025, watu wakilala vituoni? Katika siku kama hizo lita 48 ndizo kazi au kukosa kazi. Tena injini za namna hii zimeundwa kwa petroli safi ya daraja la juu. Petroli ya madumu iliyochanganywa huzigonga zikaharibika upesi.

Hata serikali zimewahi kupiga hesabu hii. Mwezi Juni 2009 Wizara ya Fedha ya Kenya iliamuru magari ya mawaziri yasizidi sentimita za ujazo 1,800, na makubwa yarudishwe. Ikiwa hazina ya nchi ililia kwa ajili ya injini kubwa, sanduku la kufuli tatu litafanyaje?

Jumamosi alfajiri tukafika mlangoni kwa muuzaji. Tulikuwa tumeomba injini isiwashwe kabla hatujafika. Fundi hakusema neno; aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Mtu alikuwa amekwisha kuiwasha. Injini ya moto huficha mengi: moshi wa asubuhi, kelele za minyororo, uzito wa kuwaka. Fundi akaomba kwa adabu gari lizimwe, sisi tungengoja.

Tukangoja mpaka saa tisa alasiri. Hapo tukaona kwa macho yetu pembe ya mbele ya kushoto imeshuka kwa vidole vinne. Gari hili halikai juu ya springi za chuma kama tulizozizoea; linakaa juu ya mifuko ya hewa inayojazwa na pampu. Mfuko ukitoboka, gari hulala usiku, na pampu hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Ndiyo sababu lilikuwa limewashwa mapema: ili tulikute limesimama.

Lililotutia hofu zaidi ni breki. Katika ubao wa mbele iliwaka taa nyekundu. Muuzaji akasema, "Ni betri tu." Fundi alikiri kwamba betri dhaifu yaweza kweli kuiwasha taa ile, akaomba betri nyingine ijaribiwe. Muuzaji hakutaka. Ndipo fundi akatufundisha. Mercedes za E zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2006 zilitumia breki zinazoendeshwa kwa umeme na pampu ya pekee. Pampu ile ina hesabu ndani yake: inahesabu kila mguu unapokanyaga, na ikifika idadi iliyowekwa huwasha taa na kudai kubadilishwa. Mtambo ukishindwa, hubaki breki za mbele peke yake, na mguu huzama sana kabla gari halijashika. Kampuni yenyewe iliyaita magari hayo kwa mamia ya maelfu mwaka 2004, na tena mwaka 2005, kisha ikaiacha breki hiyo katika gari hilo mwaka 2006. Wafanyakazi wa gereji mnaosoma hapa, sikieni: breki hiyo huamka yenyewe mlango unapofunguliwa. Fundi anayebadili pedi bila kuuzima mtambo kwa njia yake anaweza kusagwa vidole.

Fikirini sasa: abiria watano, mteremko, mvua, na breki za mbele peke yake.

Zikabaki karatasi. Nambari ya chasisi ililingana na iliyoandikwa, na hilo tunalisema kwa haki ya muuzaji. Hata usukani ulikuwa upande wa kushoto, unaofaa kwetu sisi tunaoendesha kulia, tofauti na magari mengi yanayotoka Japani, ambayo humnyima dereva kuona anapotaka kupita lori, na taa zake hummulika usoni anayekuja mbele. Lakini gari lilikuwa limeingia kwa msamaha wa kodi. Gari la namna hiyo likihamia kwa mtu wa kawaida, kodi huamka. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na ushuru wa pamoja wa magari madogo ni asilimia 25. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kitu cha thamani ya 100 kinakuwa 125, kisha 147 na nusu, kabla ya ada nyingine. Nani angelipa? Muuzaji alitazama saa yake.

Jumapili ikapigwa kura. Sita walitaka Benzi, tisa walikataa. Kijana dereva alikasirika, akasema tumemvunja moyo; naye tunamwelewa, maana ndiye angelishika usukani. Yule mama wa binti tulidhani angekuwa miongoni mwa sita. Kumbe alipiga kura ya kukataa. Tulipomwuliza akajibu, "Nilisema binti zetu wapande Benzi. Sikusema wafie ndani yake."

Fedha zimo sandukuni. Wanatafuta gari dogo, la injini isiyozidi lita moja na nusu, ambalo kila fundi wa Gitega analijua na vipuri vyake vimejaa madukani.

Ndugu wafanyakazi, hatusemi fahari ni haramu kwa mwenye jasho. Tunasema asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mkitaka gari kuukuu, fanyeni hivi. Liangalieni likiwa baridi, tena mchana, si usiku wala mvuani. Liacheni limesimama kwa saa kadhaa, kisha lipimeni pembe zote nne. Mleteni fundi wenu, si wa muuzaji. Someni nambari ya chasisi kwenye gari lenyewe na kwenye karatasi. Ulizeni Ofisi ya Mapato, OBR, kama ushuru umelipwa, kabla ya kulipa na si baada ya kulipa. Ulizeni bei ya tairi nne na ya pampu moja kabla ya kuuliza bei ya gari. Na wekeni kando sehemu ya fedha kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza; kama haibaki kitu, gari hilo bado si lenu.

Zaidi ya yote, amueni kwa kura. Sanduku la wengi halifunguliwi kwa tamaa ya mmoja. Kufuli tatu ziliwekwa kwa sababu hiyo.